D Isiyo na Kunyanzi

Katika ploti yetu ya Mowlem, Nairobi, mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake tangu siku ya kujifungua hadi siku mtoto alipofanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yakishatoka, jina la mtoto liliwekwa kando na gredi ikashika nafasi yake. Jirani wa mlango wa tatu, mtu wa Ukambani ambaye mumewe aliendesha lori la saruji, alikuwa Mama A Mainasi. Aliyekaa karibu na choo alikuwa Mama C Mbili, kwa sababu pacha wake walipata C kila mmoja, na watu walisema hata kwenye chumba cha mtihani walikuwa wakichungulia karatasi moja. Kulikuwa pia na Mama Bado. Mwanawe alikuwa amerudia kidato cha nne mara nyingi hivi kwamba walimu wapya walimwamkia wakidhani ni mwenzao.

Sijui nani alianzisha desturi hii, ila najua aliyeieneza ni keateka wetu, mwangalizi wa ploti, mzee mwenye sauti ya kengele. Maji yalikuja kwa nadra, na ndoo zilipangwa foleni pale mferejini tangu alfajiri. Ndoo ikijaa, mzee alisimama katikati ya uwanja na kuita, "Mama A Mainasi, ndoo yako imejaa. Mama C Mbili, njoo uondoe hizi zako." Ploti ya jirani ilisikia, na ya pili yake ikasikia. Kwa hiyo gredi ya mtu haikuwa siri yake na walimu wake. Ilikuwa tangazo la maji.

Mama A Mainasi alipenda sana kuitwa. Aliitwa mara ya kwanza akanyamaza, ya pili akanyamaza, na ya tatu ndipo alipoitika kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi. Mwanawe alikuwa chuo kikuu, na kwa maelezo ya mama yake hangehitaji kutafuta kazi, kazi ndiyo ingemtafuta yeye. "Chema chajiuza," alikuwa akisema huku akianika nguo, na nusu ya pili ya methali hiyo akatuachia tuimalizie wenyewe kimoyomoyo.

Mimi nilipata D. D plein, kwa ukamilifu wake.

Kwa asiyejua, gredi zetu zina mikia. Ukisukumwa juu kidogo unapewa plasi, ukivutwa chini kidogo unapewa mainasi, na ukiachwa hapo ulipo, bila msaada wala hujuma, unapewa plein. Sikushangaa. Kwenye karatasi ya kemia nilijibu kwa imani tu, na imani bila matendo, kama Maandiko yasemavyo, imekufa. Lakini kutoshangaa si sawa na kutoumia. Niliisoma ile D kwenye simu nikiwa nimejifungia chooni, nikaisoma tena nikidhani pengine simu ndiyo iliyofeli, mpaka Mama C Mbili akagonga mlango na kuuliza kama ninaishi humo siku hizi.

Mama yangu alirudi jioni. Yeye ni mtu wa magharibi, mpole wa sura na mgumu wa shingo, na wakati huo alikuwa mpishi katika shule moja ya sekondari kule Umoja. Aliwapikia wanafunzi githeri na kuwapelekea walimu chai. Alinikuta nimekaa kitandani, akavua viatu, akachukua ungo wa maharagwe, akaanza kuchagua.

"Umepata ngapi?" akauliza bila kuniangalia.

"D plein."

"Plein ni nini?"

Hapo shetani akanisogelea akakaa kando yangu. Niliona mlango umefunguliwa kidogo nikapenya. "Plein ni safi, Mama. Haina mkia. Kuna watu wanapewa plasi, hao wameongezewa. Kuna wanaopewa mainasi, hao wamepunguziwa. Yangu haikuguswa."

Aliendelea kuchagua maharagwe. Alitoa kijiwe, akakitazama kana kwamba ndicho kilichofanya mtihani, akakitupa nje ya mlango.

"Haikuongezwa wala kupunguzwa," akasema.

"Haikuguswa kabisa."

"Basi ni safi," akasema, akaweka sufuria mekoni. Nikalala usiku huo nikijisifu kwamba nilikuwa na akili ambayo mtihani ulishindwa kuiona.

Jumapili nililipia akili hiyo. Kanisa letu ni la mabati, na kwenye mabati hata mnong'ono unavuma. Ulipofika wakati wa ushuhuda mama yangu akasimama, akafunga leso vizuri kiunoni, akapita mbele. Mama hakuwa mtu wa kushuhudia. Miaka yote alikaa safu ya nyuma akiimba kwa sauti ndogo. Nilipomwona ameshika maikrofoni, nilianza kutafuta mlango kwa macho.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina."

"Bwana asifiwe tena. Mimi nashukuru Mungu kwa kuniokoa. Wiki hii matokeo yametoka. Wengine wetu watoto wamepata zile zimeongezwa, wengine wamepata zile zimepunguzwa. Wangu amepata D plein. Haikuongezwa, haikupunguzwa. Ni D safi, isiyo na ila wala kunyanzi."

Watu walitazamana kuhakikisha kama wamesikia vizuri, maana hayo ni maneno ya Maandiko juu ya kanisa takatifu. Kisha benchi la kwaya likaanza kutikisika. Mpiga ngoma aliangusha kijiti chake na hakukiokota. Pasta mwenyewe alipiga magoti nyuma ya mimbari kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka, na alikitafuta kwa muda. Mama akaongeza maneno mawili matatu juu ya kazi, lakini hakuna aliyeyasikia, nami sikuyasikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa katikati ya magoti nikiomba unyakuo uje siku hiyohiyo, na uanzie Mowlem.

Mama akarudi kwenye kiti chake, akakaa wima.

Kufikia jioni habari ilikuwa imevuka barabara. Kufikia Jumatano ilikuwa imefika Dandora na kurudi ikiwa imenenepa. Wanawake wa saluni za Umoja walisukana huku wakiisimulia. Keateka hakumwita mama yangu Mama D, jina nililolitarajia. Alisimama mferejini akaita, "Mama Bila Kunyanzi, ndoo yako." Watoto wa ploti nao wakanipa mimi jina hilohilo, ila watoto hawapendi maneno marefu, wakalifupisha. Mtu yeyote anayejua Kiswahili na alifupishe mwenyewe, kwa maana mimi sitaliandika. Nilikimbiza watoto na mwiko, nikakimbiza na viatu, na kila nilipomkamata mmoja wengine waliliita kutoka juu ya ukuta.

Nilimkasirikia mama yangu kwa miezi. Nilimkasirikia zaidi kwa kuwa sikuweza kumwambia sababu, maana maelezo ya plein yalikuwa yangu mwenyewe. Nilijifungia chumbani. Nilitoka kwenda dukani giza likishaingia, na nilipita nyuma ya ploti kama mdaiwa. Na hapo ndipo mama aliponiwekea sharti. Nikifika Krismasi bila kazi, nitapanda basi kwenda magharibi kukaa na nyanya, kwani nyanya alikuwa amezeeka na alihitaji mtu wa kumkamulia ng'ombe wake. Ng'ombe huyo namjua. Alikuwa na roho mbaya na teke la uhakika, na alikuwa amemvunja binamu yangu jino. Nilimpenda nyanya, lakini nilizaliwa Nairobi na kulelewa Nairobi, na wazo la kuamka kila siku kwenda kuzozana na mnyama yule lilinitoa chumbani haraka kuliko mahubiri yoyote.

Nikaanza kutafuta kazi, nikagundua kwamba mji mzima umekuwa ploti yetu. Kila lango niliulizwa gredi kabla ya salamu. Nilienda Industrial Area nikisimama kwenye foleni na watu waliotembea kutoka Mukuru kwa Njenga, watu wenye mikono inayojua kazi, na soja, mlinzi wa lango, akapita akiuliza, "Gredi? Gredi? Wewe gredi?" kama kondakta anayedai nauli. Kufagia ghala walitaka D plasi. Kubandika karatasi kwenye chupa walitaka C mainasi. Nilijiuliza sana ile plasi inafanya nini kwenye ufagio. Je, mtu wa D plasi hufagia hadi pembeni na mtu wa D plein huishia katikati? Hakuna aliyenijibu kwa kuwa hakuna aliyenifungulia.

Mama aliporudi kutoka kazini aliniuliza, "Wamesemaje?"

"Wanataka plasi."

"Plasi ni ile ya msalaba?"

"Ni hiyo."

"Na wewe na kwenda kanisani kwako kote," akasema, "umekosa msalaba." Nilidhani amesema kwa huzuni. Sikumwangalia usoni.

Desemba ikaingia. Mama alishaanza kununua sukari na majani chai ya kubebeshwa kwa nyanya, akaviweka juu ya kabati mahali ninapoviona nikiamka. Ndipo niliposikia kwamba kiwanda kimoja cha peremende kule Baba Dogo kinatafuta watu wa kupaki. Nilivaa sketi yangu ya Jumapili, nikatembea kupitia Dandora na Lucky Summer, na harufu ya minti ilinifikia kabla sijaliona lango. Ubao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu: WATU WA KUPAKI WANATAKIWA. D+ NA ZAIDI.

"Gredi?" soja akauliza.

"D."

"Na plasi iko wapi?"

Nilikuwa nimechoka, na nikichoka nina mdomo. "Plasi nimeiacha nyumbani," nikasema. "Nilihofia itaibwa njiani."

Alinitazama. Kisha akacheka, akafungua lango kwa upana wa mtu mmoja mwembamba. "Ingia," akasema. "Utafukuzwa na wenyewe ndani, si mimi."

Ndani kulikuwa na benchi, na kwenye benchi kulikuwa na watu, na mwisho wa benchi, amevaa fulana iliyotoboka begani, ameketi A Mainasi.

Yeye mwenyewe, mtoto wa mlango wa tatu, mwenye digrii ya takwimu. Alikuwa amemaliza chuo karibu mwaka mzima. Kila asubuhi alitoka kwenye ploti na shati lililopigwa pasi, na mama yake akatuambia anaenda kuonana na watu fulani mjini. Sasa shati hilo lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya benchi. Aliponiona, aliusukuma mfuko ndani zaidi kwa kisigino.

"Sasa," nikasema, nikakaa kando yake.

"Poa. Umekuja kufanya nini huku?"

"Kenye umekuja kufanya ndio kenye nimekuja kufanya."

Aliangalia huku na huku, akaniinamia. "Tafadhali usinichome, usiwaambie. Hapa mimi ni D plasi. Nimeambiwa wakijua una digrii hawakuchukui, eti utatoroka. Na mathe asijue."

Nilimtazama mtu huyu ambaye gredi yake ilikuwa imeniamsha kila siku ya maji kwa miaka. "D plasi," nikamwambia. "Kumbe ni wewe uliyeichukua plasi yangu."

Alicheka bila kutaka, nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya ujirani tukawa watu wawili tu kwenye benchi. Kisha akainama tena kuhakikisha kwamba shati limefichika. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba A Mainasi anaweza kuogopa kitu.

Tuliitwa ndani wawili wawili. Ofisini aliketi mama wa makamo, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, peremende ikizunguka shavuni. Watu wote walimwita madamu.

"Wewe, D plasi," akamwambia jirani yangu. "Mkebe unaingia peremende hamsini. Katoni inaingia mikebe ishirini na nne. Katoni tatu zina—"

"Elfu tatu na mia sita," akajibu A Mainasi.

Madamu alikuwa hajamaliza swali. Akaishusha miwani kabisa. A Mainasi akaona kosa lake, na badala ya kunyamaza akajaribu kulirekebisha. "Au elfu tano," akasema. Kisha, kwa kuwa roho yake haikuweza kuvumilia jibu la uongo kusimama hivi hivi, akaongeza, "Kwa makadirio."

"Mtu wa D plasi hasemi makadirio," madamu akasema. "Ulisomea nini?"

Akasema. Alilisema jina la digrii yake polepole, macho yakiwa sakafuni, kama anayeungama kwa askari. Madamu akamwambia, bila ukali, kwamba hao wenye digrii amewaona. Wanakuja Jumatatu, wanafanya kazi vizuri, wanaitwa kwingine Alhamisi, naye anabaki na mashine inazunguka bila mtu. Samahani sana. A Mainasi akasema asante, akatoka, na mlangoni akageuka akaniinulia kidole gumba. Roho yangu iliniuma kwa ajili yake. Iliniuma pia kwa ajili yangu, kwa maana kama wa juu ametupwa nje, wa chini anangoja nini.

"Na wewe?"

Nilimpa cheti. Akakisoma. "Hapa pameandikwa plein."

"Ndiyo, madamu."

"Nje pameandikwa plasi. Hukuona?"

"Niliona."

"Unakaa wapi?"

"Mowlem."

Akasimamisha peremende shavuni. Alinitazama mimi, akatazama cheti, akanitazama tena, na nikaona jambo linakuja kutoka mbali, nikalitambua kabla halijafika, nikatamani lipitie njia nyingine.

"Mowlem," akasema taratibu. "D plein. Mama yako si yule wa... wa..." Akashindwa. Akafunika mdomo kwa mkono. "Isiyo na ila wala kunyanzi?"

Kumbe dada yake anasukwa Umoja. Kumbe habari ilikuwa imefika Baba Dogo siku nyingi, ikawa inasimuliwa pale kiwandani wakati wa chai. Akamwita mtu wa stoo aje aone. Mtu wa stoo akamwita fundi wa mashine. Wakasimama mlangoni wakinitazama kama bibi harusi, na madamu akafuta machozi ya kicheko kwa kona ya karatasi.

Nilikuwa nimevumilia mwaka mzima. Nilivumilia keateka, nikavumilia watoto juu ya ukuta, nikavumilia soja wa kila lango. Siku hiyo nilichoka. Nilihisi hasira inapanda kutoka miguuni, nikaiacha ipande.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi. Na ile ni D yangu, sikuiazima kwa mtu. Na kutia peremende kwenye mkebe, madamu, hata aliyepata E anaweza, mradi asizile."

Mtu wa stoo aliacha kucheka. Nikainama kuchukua cheti changu, na akilini nilishamwona yule ng'ombe akiningoja, ameshasogeza mguu.

"Kaa," madamu akasema.

Sikukaa, lakini sikutoka.

"Njoo Jumatatu saa moja asubuhi. Nywele uzifunge."

Nilidhani ni mzaha mwingine. Nikamuuliza vipi kuhusu plasi, kwa maana mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi.

"Plasi ni ya kufukuzia watu," akasema, akarudisha miwani usoni. "Wanakuja mia kwa nafasi tatu. Nitawaambia nini warudi nyumbani? Nikiwaambia gredi, wanaenda bila kelele. Lakini wote walioketi hapo nje ni karatasi tu kwangu, siwajui. Wewe nakujua. Ukinipotezea katoni, najua ploti ni ipi, najua kanisa ni lipi, na mama yako namjua hata kabla sijamwona."

Nilitembea kurudi Mowlem nikinuka minti. Mama alikuwa kwenye mlango anaosha sufuria. Nilimwambia nimepata kazi. Hakuruka wala kulia. Alikausha mikono, akaingia ndani, akapanda juu ya stuli, akateremsha ile sukari ya nyanya kutoka juu ya kabati, na jioni ile tukanywa chai tamu sana.

Haukupita muda keateka akabadilisha wimbo wake. Kwa kuwa nilikuja na peremende zilizovunjika, zile tunazogawiwa, nikawapa watoto wa ploti, mama yangu akawa Mama Peremende. Mimi watoto wakaniita anti. Jina langu lile fupi lilikufa lenyewe, au tuseme lilinunuliwa.

Kuhusu A Mainasi, mama yake hakujua lolote kwa karibu mwaka mmoja zaidi. Stoo ilipohitaji mtu wa hesabu, madamu alipita kwenye mashine yetu akauliza kama kuna anayemjua mtu. Nikasema namjua. Akauliza ana gredi gani. Nikamwambia gredi anayo ya kutosha, na zaidi ya hapo mlango wake naujua, ni wa tatu kutoka kwangu. Akaingia kwa mlango wa D na digrii yake yote, yuko mpaka leo, na siku alipopata mshahara wa kwanza mama yake alituletea sufuria nzima ya muthokoi, chakula cha kwao Ukambani. Aliiweka mezani kwetu, akakaa kidogo, akashindwa pa kuanzia. Mama yangu akamsaidia kwa kumuuliza aliuchemsha kwa muda gani.

Mimi sasa nasimamia meza ya kupaki. Ubao bado uko langoni, D+ na zaidi. Jua huuchubua, na kila unapochubuka mimi ndiye ninayetumwa kuupaka rangi. Huwa nautia ule msalaba kwa uangalifu mkubwa.

Ningedhani hadithi imeishia hapo, lakini matokeo ya hivi karibuni yalipotoka, mwana wa Mama Bado, kaka mdogo wa yule aliyerudia rudia, alipata E. E haina plasi wala mainasi. Chini yake hakuna kitu, ni sakafu. Mama Bado alikuja kwetu amejifunika leso hadi puani, akaketi akalia, na mama yangu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Jumapili uje ushuhudie."

Mama Bado alipoondoka nilimkemea mama yangu kwa upole, kama mtu mzima anavyomkemea mzazi. Nikamwambia, "Mama, hii si kama ile yangu. E si jambo la kupelekwa kanisani. Wewe hujui E ni nini."

Aliweka kikombe chini. Alinitazama, na nikaona kwenye pembe za mdomo wake kitu ambacho kumbe kilikuwa hapo siku zote.

"Miaka kumi na minane nimepeleka chai stafurumu," akasema. "Unadhani walimu walikuwa wakizungumza nini? Mvua?"

Nami nikakiweka kikombe changu chini.

"D plein niliijua kabla hujajua kusoma. Nilijua hata aliyeifundisha."

"Sasa kwa nini..." nikaanza.

"Mwenzangu hapo alikuwa kila siku na chema chajiuza, chema chajiuza. Sawa. Na kibaya?"

Methali hiyo kila mtu anaijua, na miaka yote nilikuwa nikiimalizia kimoyomoyo kama tusi. Kibaya chajitembeza.

"Na wewe ulikuwa umejifungia ndani," mama akasema. "Hukuwa na gredi na hatukuwa na mtu wa kutufungulia mlango. Ingekuwaje? Nikakutembeza mimi. Nilijua watacheka. Kitu watu wamekicheka hawakisahau. Nilisema mwishoni unatafuta kazi, kazi yoyote, lakini naona wewe hukunisikia."

Alichukua kikombe chake akaendelea kunywa. Mimi nilikuwa nikimwona mwanamke mpole wa safu ya nyuma, ameshika maikrofoni, anasikia benchi la kwaya linatikisika, anamwona pasta akipiga magoti, naye anajua kila kitu wanachokijua wao, na anaendelea hadi neno la mwisho. Nililia mbele yake bila haya, na akaniacha nilie.

Jumapili ilipofika, Mama Bado alisimama mbele ya kanisa, maikrofoni ameishika kwa mikono miwili. Alisema Bwana asifiwe. Alisema mwanawe amepata E, herufi ya mwisho, ambayo haiwezi kushushwa tena na mtu yeyote, akamalizia kwa maneno machache ya sauti ndogo. Nikasikia benchi la kwaya linaanza kukwaruza sakafu.

Mimi nilikuwa nimeketi safu ya kwanza, na sare yangu ya kiwanda nimeivaa makusudi. Nikasimama nikasema Amina kwa sauti ya keateka, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kucheka, kisha nikamwomba Mama Bado arudie pale mwisho, pale aliposema kijana anatafuta kazi.